Kutoka Kwihara hadi Pwani: Safari ya Vijana Hukamilika Lini?

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, vijana wa Unyamwezi walishuka pwani kwa miguu. Walikwenda na pembe za ndovu, wakarudi na vitambaa, shanga na waya wa shaba. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ilikuwa safari ya miezi mitatu hivi, na zaidi pale mvua, njaa au vita vilipoingilia. Wengi wao walikuwa wakulima: waliondoka mavuno yakishaingia ghalani, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia. Kirangozi alijua kisima kilipo, mnyapara alijua posho ya watu wake, na kambi ilipigwa penye maji, chakula cha kununua na kivuli. Penye ukame, kama lile pori la Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyamwezi, msafara ulipiga terekeza: waliondoka adhuhuri na maji ya kubeba, wakatembea hadi usiku, wakalala bila kisima, na kesho yake asubuhi wakafika penye maji.

Siku hizi njia hiyo inarudi kwa sura ya mradi wa safari za vijana. Maandiko ya miradi ya aina hii hayapishani sana. Kikundi cha vijana kutoka Tabora kipelekwe Bagamoyo kikaione bahari, magofu ya Kaole na mji mkongwe, kisha kipite Dar es Salaam kijifunze biashara Kariakoo na kwenye soko la samaki la Feri. Vijana wa pwani nao waje Tabora, wafike Kwihara, waendelee hadi Ujiji. Katikati yajengwe mabweni ya kulaza vikundi, vyoo, mabango ya maelezo na vibanda vya bidhaa za mikono, na vijana wa kila kituo wafunzwe kuongoza wageni. Ni wazo zuri na natamani litimie. Ninachotaka kupima ni umbali uliopo kati ya andiko la namna hiyo na kile anachokikuta kijana akishuka kwenye basi.

Mwaka 2006 Tanzania iliingiza njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, na vituo sita vikatajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwenye karatasi vimefuatana katika mstari wa kilomita 1,200 hivi. Ardhini mstari huo ulishakatika zamani. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na popote ilipopita iliwahamisha wasafiri. Bagamoyo haikuipata. Anayekwenda Mpwapwa kwa treni hushukia Gulwe, kisha atafute usafiri mwingine. Kilimatinde, iliyokuwa kituo cha utawala wakati wa Wajerumani, ilibaki kando, na Manyoni ikakulia relini. Mamboya iko huko kwenye milima ya Ukaguru, mbali na reli. Kwa hiyo kundi la leo haliwezi kufuata njia ya zamani kwa chombo kimoja. Litatoka kwenye treni au basi kubwa, litakodi gari dogo, litalala, na kesho yake litarudi njia kuu kungoja basi jingine. Gharama na muda wa safari hii vimejificha hapo, na maandiko mengi hayapagusi. Bajeti ya usafiri huwa ni nauli ya Tabora hadi Dar es Salaam ikizidishwa kwa idadi ya watu.

Upangaji wenyewe kwa kawaida huanzia kwenye majengo. Sababu yake inaeleweka. Jengo lina ramani, lina mchanganuo wa vifaa unaojulikana na kila fundi, na lina mahali pa kuweka jiwe la msingi. Siku tatu za kundi la watu 30 njiani, na chakula chao, maji yao, mtu wa kuwatunza wakiugua na ruhusa za wazazi wao, hazina ramani ya kuchora. Huingizwa kwenye kifungu kimoja cha "uendeshaji", na kifungu hicho ndicho cha kwanza kupunguzwa bajeti ikizidi kiwango.

Muda wa kukamilisha nao una asili yake. Miezi 18 au 24 inayoandikwa mara nyingi hutokana na mzunguko wa fedha kuliko uzito wa kazi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai mosi na kuisha Juni 30. Mvua za Tabora huanza Novemba na kuelekea ukingoni Aprili. Ziweke kalenda hizo mbili pamoja uone. Bajeti inapitishwa Juni, fedha zinashuka baadaye, zabuni inatangazwa, mkataba unasainiwa Oktoba. Mkandarasi amebakiwa na wiki chache za ukavu kabla udongo mweusi wa mbuga haujaanza kunasa malori. Kazi inalala hadi Mei. Kisha Mei na Juni ni miezi ya kukimbizana, kwa kuwa mwaka wa fedha unafungwa na fedha isiyotumika italeta maswali. Plasta inapigwa juu ya ukuta usiokauka, rangi inafuata, na nyufa hujitokeza Septemba. Mhandisi amefuata kalenda yake, mhasibu amefuata yake, na wote wawili wamefanya walichotakiwa. Kalenda ya mvua haikuwa na mwakilishi kwenye kikao.

Wapagazi wa zamani walikuwa na tarehe moja tu ya mwisho, na hiyo ilikuwa mvua. Sioni sababu ya mradi wa safari katika mkoa huohuo kuwa na tarehe nyingine iliyo muhimu kuliko hiyo.

Kinachojengwa, kwa haki, mara nyingi hujengwa vizuri. Jengo la mapokezi husimama, geti hufungwa, bango hupakwa rangi, choo cha matundu manne hukamilika. Utaratibu wa kutumia mafundi wa hapo hapo chini ya kamati za wananchi umepunguza gharama za majengo madogo sehemu nyingi, na umewapa vijana wa karibu vibarua na ujuzi. Tatizo huanza ripoti inaposema mradi umefikia asilimia 85. Hiyo ni asilimia ya kazi za ujenzi zilizopimwa. Msomaji aliye mbali hudhani 15 iliyobaki ni vioo na bawaba. Ukifungua mchanganuo unakuta humo ndimo mlimo maji, umeme, samani, mifereji ya paa na barabara ya kuingilia. Ni sehemu ndogo ya fedha, lakini bila hiyo hakuna anayeweza kulala pale hata usiku mmoja.

Choo cha wageni kinaonyesha jambo hili vizuri. Kuta zina vigae vyeupe hadi usawa wa bega, masinki mawili yamefungwa, na bomba linang'aa. Nje, juu ya mnara wa zege, kuna tangi jeusi la lita 5,000. Hakuna bomba linaloliunganisha na chanzo chochote, maana mtandao wa maji ulitarajiwa kuletwa na mradi mwingine, wa idara nyingine, katika mwaka mwingine wa fedha. Bati lenye eneo kubwa limeezekwa mita chache tu kutoka kwenye tangi, na mvua ya Tabora ingeweza kulijaza ndani ya siku chache. Mifereji ya kukinga maji haikuwamo kwenye mkataba. Wageni wakija, mlinzi huchota maji kisimani kwa ndoo na kuziweka mlangoni. Choo hicho kimekabidhiwa, kimelipiwa, na kwenye vitabu kimekamilika.

Majengo ya kale yana ugumu wa peke yake. Tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja vifaa na wapagazi, ni jengo la kuta nene za udongo. Nyumba kongwe za Bagamoyo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta za namna hii zinapumua: hunywa unyevu na kuutoa. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, na baada ya misimu michache plasta hubanduka na kuondoka na ngozi ya ukuta. Dawa yake ni udongo kwa udongo na chokaa kwa chokaa, kazi ndogo kila baada ya mvua, mwaka baada ya mwaka. Lakini mkataba wa ujenzi hauna kifungu cha "kila mwaka". Una tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na orodha ya vifaa ambayo saruji huwamo tangu ukurasa wa kwanza. Fundi wa chokaa ni wa kutafutwa pwani, na bara fundi anayejua kukanda udongo wa tembe mara nyingi ni mzee ambaye hana namba ya mlipakodi wala mashine ya risiti, hivyo hawezi kuomba zabuni. Ukarabati mzuri niliowahi kuuona ulianza kwa kumtafutia mzee wa namna hiyo njia halali ya kulipwa, na ulikuwa wa bei nafuu.

Gharama hukuaje? Sababu kubwa kwa Tabora ni umbali. Nondo, mabati, vigae na vifaa vya umeme husafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, na bei ya dizeli ikipanda kila kitu hupanda. Kisha kuna muda. Kazi iliyosimama kwa mvua ya miezi mitano inalindwa, na mlinzi analipwa; mbao zilizokaa nje hupinda zikanunuliwa nyingine; mkandarasi asiyelipwa kwa wakati ana haki ya kudai riba. Baada ya hapo huja mabadiliko ya kazi. Hugunduliwa kwamba kiwanja ni cha mbuga na msingi wa kawaida hautoshi, au kwamba nguzo ya umeme iko mbali kuliko ilivyodhaniwa. Kuchimba mashimo mawili ya kupimia udongo mwanzoni kungegharimu kidogo sana, ila kazi hiyo ingefanyika kabla ya fedha kutoka, na kabla ya fedha kutoka hakuna wa kuilipia. Ongezeko lote hili lazima litoke mahali, na hutoka kwenye kile kifungu cha uendeshaji. Kila zege linapoongezeka, kiti kimoja cha basi kinapungua.

Vijana wenyewe wana dirisha lao la fedha. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vikundi vya vijana. Kikundi kinahitaji katiba, usajili, akaunti ya benki na mpango wa biashara. Kwa kikundi cha asali au cha bodaboda hesabu zinakaa sawa, kwa sababu mzigo ukiuzwa rejesho linapatikana. Kikundi cha kuongoza wageni hakina uhakika huo. Wageni huja kwa msimu, na huja tu kama kuna mahali pa kulala, maji na gari la kuwafikisha. Vijana waliofunzwa kuongoza wageni kwa wiki mbili, wakapewa vyeti na fulana, hukaa kungoja. Baada ya mwaka mmoja wenye uwezo zaidi wameondoka, na siku kundi la kwanza linapofika, anayelizungusha ni mlinzi. Mara nyingi mlinzi huyo anajua mengi na anaeleza kwa moyo, lakini si yeye aliyepelekwa kwenye mafunzo.

Suala la kufikika halipewi uzito unaostahili. Kituo kinaweza kuwa na kila kitu na bado kisifikiwe na aliyekusudiwa. Saa za kufungua ni za ofisi, Jumatatu hadi Ijumaa, na vijana wa shule na wa sokoni wana nafasi Jumamosi na Jumapili. Ada ya kuingia hulipwa kwa kumbukumbu namba, kwa kuwa fedha taslimu haziruhusiwi, na utaratibu huo umeziba mianya mingi. Ila namba hutolewa na mtu aliye mjini, mtandao ukiwa hewani. Kundi lililotoka Igunga au Urambo alfajiri linaweza kusimama chini ya mwembe kwa saa nzima likisubiri ujumbe wa simu. Bango la maelezo limeandikwa Kiingereza kirefu na Kiswahili kifupi. Kijana anayetembelea kiti cha magurudumu anakuta ngazi tatu ambazo hazikuwa kwenye ramani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji fedha nyingi, na hakuna kinachoonekana kwenye asilimia 85.

Upande wa pwani mambo hubadilika sura. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na watu wengi huelewa kwamba ufukwe ni wa wote. Ni kweli, lakini njia ya kuufikia mara nyingi hupita pembeni mwa viwanja vyenye uzio, na kundi la vijana 30 wenye mabegi halipiti hivihivi. Mradi makini hutaja kwa jina njia ambayo kundi litashukia, na hupata ruhusa yake kwa maandishi. Hutaja pia nani atakuwa majini. Hili linanisumbua kuliko yote. Vijana wengi wa Tabora hawajui kuogelea. Wamekulia kwenye miombo, na maji wanayoyajua ni ya bwawa na mto wa msimu. Siku ya kwanza mbele ya Bahari ya Hindi furaha yao haizuiliki, wala haifai kuzuiliwa. Lakini bajeti ina fulana, kofia na bendera, na haina muogeleaji wa uokoaji wala maboya. Mvuvi mmoja wa Bagamoyo anayeijua ile mikondo, akilipwa kwa siku mbili, anatosha. Gharama yake haifikii hata ya bango.

Sokoni ndiko safari hizi hutoa matunda mengi kwa fedha kidogo, na cha kushangaza ndiko hupangiwa nusu siku, jioni, watu wakiwa wamechoka. Kariakoo haihitaji kujengewa chochote ili ifundishe. Eneo lile lilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa hiyo linaungana na historia ya njia hii kuliko wengi wanavyodhani. Binti anayeuza asali Soko Kuu la Tabora katika chupa za maji zilizotumika anasimama Kariakoo mbele ya asali hiyohiyo ikiwa kwenye kopo lenye kizibo, lebo na nembo ya ubora, na anasoma bei. Hahitaji mkufunzi kumweleza. Anahitaji muda wa kuuliza kopo linanunuliwa wapi, kwa jumla shilingi ngapi, lebo inachapwa na nani, na mzigo unapokelewa siku gani. Hiyo ni kazi ya siku mbili, tena asubuhi, wenye maduka wakiwa na subira. Andiko linalompa nusu siku sokoni na siku tatu kwenye ukumbi wa semina limegeuza vipaumbele.

Tukiwa waadilifu, tutakiri pia kwamba njia hii imefunguliwa zaidi na kazi zisizokuwa na neno utalii ndani yake. Lami ya Manyoni hadi Tabora imefanya kwa safari za vijana kile ambacho hakuna banda la mapokezi lingeweza kufanya. Umeme vijijini na minara ya simu vimefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu anayepanga mradi mdogo wa safari angeanza kwa kuhesabu kilichopo: shule zenye mabweni yanayobaki matupu likizo ya Juni, nyumba za wageni, mama lishe wa stendi, mabasi yanayosimama Itigi na Manyoni watu wachimbe dawa na kula. Kwa wengi wa hawa kinachohitajika ni makubaliano, godoro la ziada na malipo kwa wakati. Jengo jipya lijengwe pale ambapo hesabu hiyo imeonyesha pengo, na katika vituo sita huenda pengo la kweli liko kwenye viwili au vitatu.

Kuhusu kukamilika, mikataba ya ujenzi tayari ina kifaa kinachoweza kusaidia. Sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa hadi kipindi cha uangalizi wa kasoro kipite. Mradi wa safari ungeweza kuazima utaratibu huo na kuupanua hadi kwa wasimamizi wake: malipo ya mwisho ya msimamizi, na ripoti ya kukamilika, vingoje makundi mawili yapite. La kwanza lipite Juni, barabara zikiwa kavu, litoke Tabora lilale Kilimatinde na Mpwapwa hadi lifike baharini, na lirudi. Liandike lenyewe palipokuwa na maji, palipofungwa, na lililipa shilingi ngapi zaidi ya bajeti. La pili lipite likizo ya Desemba, mvua zikiwa zimeshika, kwa sababu ndilo litakalokuta gari limenasa kilomita nne kabla ya geti, na ndilo litakalojua kama mtu mwenye ufunguo anapatikana siku ya Jumapili.